NJIWA WAKO WAKIHAMA, TAZAMA NYUMBA YAO KWANZA



Je, uliwahi kufuga njiwa wakahama? Asubuhi unaamka, unatazama juu, huoni hata mmoja. Majirani nao wanatazama. Halafu maneno yanaanza.

Katika vijiji vyetu watu wengi husema kuwa njiwa hawakai kwenye nyumba yenye ugomvi. Wakihama, watu huulizana: Nani amegombana? Nani ana mkosi? Mimi ni bwana mifugo. Maneno hayo nimeyasikia tangu utoto wangu. Leo nataka kukueleza jambo nililoliona kwa macho yangu, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Kisha nitakuonyesha namna ya kujenga nyumba ambayo njiwa watakaa, watataga na kulea.

KOSA LANGU

Mkulima mmoja katika kijiji ninachohudumia alinunua njiwa sita. Aliniuliza, "Bwana Mifugo, niwajengee nini?"

Mimi nina cheti cha kilimo. Chuoni tulijifunza sana habari za ng'ombe, mbuzi na kuku. Habari za njiwa tulizipita haraka. Lakini niliona haya kusema kuwa sijui. Nikamjibu, "Tafuta sanduku moja kubwa. Toboa mlango mmoja. Lifunge kwenye mwembe." Akafanya hivyo.

Miezi ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Njiwa walitaga. Kisha mayai yakaanza kuonekana chini ya mti, yamevunjika. Makinda wakafa. Jozi moja ikaondoka, halafu ya pili. Mwezi wa nane sanduku lilikuwa tupu.

Kwa bahati mbaya, mwezi ule ule mume na mke walikuwa wamegombana juu ya fedha za alizeti. Majirani wakasema, "Si mnaona? Njiwa wamekimbia kelele." Mama wa mume akasema kuwa mkwewe ana mkosi. Mume akayaamini maneno hayo. Mama yule akafunga nguo zake, akambeba mtoto mgongoni, akarudi kwa wazazi wake.

Nilipopata habari, nilikwenda nikaomba ngazi. Nilipanda mwembe, nikafungua sanduku. Niliona mambo manne:

1. Kinyesi cha panya kila mahali, na maganda ya mayai yaliyotafunwa.
2. Utitiri mwingi sana. Ulinipanda mkononi mpaka kwenye kiwiko.
3. Mayai yaliyokanyagwa na kupasuka. Juu yake kulikuwa na mizoga ya makinda wakubwa.
4. Manyoya mengi yaliyong'olewa. Njiwa walikuwa wamepigana wao kwa wao.

Basi nikaelewa. Njiwa wale hawakukimbia ugomvi wa watu. Walikimbia panya na utitiri. Walikimbia pia ugomvi wao wenyewe, kwa kuwa jozi tatu zilibanana katika chumba kimoja. Nyumba yao ilikuwa mbaya, na aliyeagiza ijengwe hivyo ni mimi.

Nilishuka. Niliketi mbele ya mume na mama yake. Nikasema, "Kosa ni langu. Mama wa watoto hana hatia katika jambo hili." Niliwaonyesha maganda ya mayai yenye alama za meno ya panya. Walinyamaza kwa muda mrefu.

Mwisho wa habari hiyo nitakueleza. Kwanza tuangalie njiwa anavyoishi. Huwezi kumjengea mtu nyumba nzuri bila kujua desturi zake.

NJIWA ANAISHIJE?

Njiwa tunaowafuga huitwa njiwa manga. Njiwa hawa ni tofauti na kuku kwa mambo mengi.

Jogoo mmoja huwa na mitetea mingi. Njiwa dume huwa na jike mmoja tu. Wawili hao hukaa pamoja mwaka hadi mwaka. Huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitano au sita.

Jike hutaga mayai mawili. Akitaga la kwanza, hupitisha siku moja, kisha hutaga la pili. Mayai huanguliwa baada ya siku 17 au 18. Wote wawili huatamia. Dume huatamia mchana. Jike huingia alasiri na kulala na mayai usiku kucha.

Makinda huzaliwa vipofu, na hawana manyoya ya kuwafunika. Kifaranga wa kuku hujidonolea siku ya kwanza. Kinda wa njiwa hawezi. Baba na mama wote wawili humlisha kitu kama maziwa mazito, kinachotoka katika mfuko wa chakula ulioko shingoni mwao. Baada ya wiki moja hivi humlisha nafaka iliyolainika. Kwa hiyo wazazi wakifa au wakikimbia, makinda nao hufa.

Makinda wakifikisha wiki nne huwa wakubwa karibu sawa na wazazi wao. Huo ndio wakati wa kuwatoa kwa ajili ya kitoweo, kabla hawajaanza kuruka. Nyama yao ni laini. Inamfaa mtoto, mzee na mgonjwa anayepata nafuu.

JOZI MOJA, VYUMBA VIWILI

Hapa ndipo wafugaji wengi tunapokosea. Soma sehemu hii mara mbili.

Makinda wakifikisha wiki mbili au tatu, jike huwa tayari kutaga tena. Lakini makinda bado wako ndani ya kiota. Bado wanalishwa. Kama kuna chumba kimoja tu, jike atataga hapo hapo. Makinda watayakanyaga mayai mapya. Mayai yatapasuka au yatapoa. Au jike atakwenda kutafuta nafasi katika chumba cha jozi nyingine. Huko atapigwa, na mayai ya wenyeji yatavunjika katika vita hiyo.

Jozi ikiwa na vyumba viwili hakuna taabu. Jike atataga katika chumba cha pili. Makinda wataendelea kulishwa katika chumba cha kwanza. Wakiondoka hao, chumba kinasafishwa, kinangoja zamu nyingine.

Jozi inayotunzwa vizuri huweza kulea makinda 8 hadi 12 kwa mwaka. Tufanye hesabu kwa namba ndogo. Jozi 4, kila moja makinda 8, jumla ni makinda 32. Hicho ni kitoweo cha maana kwa nyumba moja.

Jambo hili si geni. Wakulima wa Misri wamewafuga njiwa tangu zamani sana. Huwajengea minara ya udongo yenye vyumba vidogo vingi mno. Hula makinda, na mbolea huipeleka shambani. Wewe huhitaji mnara. Anza na nyumba ya jozi nne.

VIFAA

- Mbao za masanduku ya zamani, au mabanzi.
- Nguzo mbili imara za urefu wa mita 2 na nusu, zenye unene wa kiasi cha sentimita 12.
- Madebe mawili matupu ya lita 20.
- Misumari, nyundo, msumeno na panga.
- Vipande vya tairi kuukuu vya kutumia badala ya bawaba.
- Nyasi au bati la paa.
- Rula ya mtoto wa shule.

Usicheke kuhusu rula. Rula ya shule ina urefu wa sentimita 30. Chumba kimoja cha njiwa kina urefu wa rula moja, upana wa rula moja na kimo cha rula moja. Ukiwa na rula, nyumba nzima unaweza kuipima.

KUJENGA HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1. Tengeneza sanduku. Urefu ni rula 4, yaani sentimita 120. Kimo ni rula 2, yaani sentimita 60. Kina ni rula 1, yaani sentimita 30. Unene wa mbao utapunguza nafasi kidogo. Hilo si neno.

Hatua ya 2. Ligawe sanduku kwa ubao uliolala, upate ghorofa mbili. Kisha gawa kila ghorofa katikati kwa ubao uliosimama. Sasa una nyumba nne. Kila nyumba ni ya jozi moja.

Hatua ya 3. Ndani ya kila nyumba weka ubao mwingine uliosimama katikati. Huu usifike mbele. Uanzie nyuma, uende mbele sentimita 20, uache njia ya sentimita 10. Sasa kila jozi ina vyumba viwili na njia ya kupita. Hesabu: nyumba 4, vyumba 8.

Hatua ya 4. Ziba upande wa mbele. Toboa mlango mmoja katikati ya kila nyumba. Upana wake nusu ya rula, kimo chake nusu ya rula. Mlango usianzie sakafuni. Acha kizingiti cha sentimita 10 kutoka sakafuni, ili mayai na makinda wasidondoke nje.

Hatua ya 5. Chini ya kila mlango piga kibaraza kidogo cha upana wa sentimita 10. Kila mlango uwe na kibaraza chake. Usipige ubao mmoja mrefu kwa milango yote. Njiwa mkorofi atautembea wote na kuwazuia wenzake.

Hatua ya 6. Upande wa nyuma weka vifuniko vinavyofunguka. Tumia vipande vya tairi kama bawaba. Hapa ndipo utakapoingiza mkono kusafisha na kutazama mayai. Nyumba isiyofunguka haisafishwi, na nyumba isiyosafishwa huleta utitiri.

Hatua ya 7. Toboa matundu madogo ya hewa juu ya kila chumba, upande wa pembeni au wa nyuma. Yawe madogo kiasi kwamba panya na nyoka mkubwa wasipite.

Hatua ya 8. Ezeka paa lenye mteremko. Paa litokeze mbele kwa sentimita 20 au zaidi. Milango isielekee upande ambao mvua na upepo hutoka.

Hatua ya 9. Choma kidogo ncha za nguzo kwa moto ili zisiliwe upesi na mchwa. Zichimbie ardhini nusu mita. Funga sanduku juu yake kwa uimara. Chagua mahali palipo wazi, hatua tatu au zaidi kutoka kwenye mti au paa la nyumba. Panya na paka hurukia kutoka hapo.

Hatua ya 10. Usiiache hatua hii. Kata debe mfuniko na kitako, kisha lipasue ubavuni na ulikunjue. Utapata bati la upana wa sentimita 35 na urefu wa sentimita 90 hivi. Likate katikati. Vizungushe vipande hivyo viwili kwenye nguzo, kimoja juu ya kingine, kuanzia nusu mita kutoka ardhini. Vipigilie misumari vizuri. Fanya hivyo kwa nguzo zote mbili. Bati huteleza, panya hupata taabu kupanda. Usiegemeze ngazi, fito wala kuni kwenye nguzo. Ukifanya hivyo, umemjengea panya daraja.

Mwisho, weka katika kila chumba bakuli la udongo la upana wa sentimita 22 hivi. Mfinyanzi wa kijijini ataweza kukutengenezea. Kipande kizuri cha chungu kilichovunjika pia kinafaa, kama hakina ncha kali. Tupa nyasi kavu na vijiti vyembamba uani. Njiwa watabeba wenyewe.

KUWAHAMISHIA NJIWA NYUMBANI

Njiwa mzima hurudi alikotoka, hata kama ni mbali. Kwa hiyo nunua njiwa wachanga ambao wameanza kula wenyewe.

Wafungie kwa wiki tatu au nne. Ziba upande wa mbele kwa wavu wa kuku au kwa fito, ukiacha nafasi ya kutosha waone uani. Wape chakula na maji humo humo. Siku ya kuwafungulia, chagua jioni, kabla hujawapa chakula. Wakishatoka, waite kwa chakula. Watashuka, watakula, na giza litawarudisha ndani.

Hakikisha madume na majike ni sawa kwa idadi. Dume asiye na mwenzi huvamia viota vya wengine. Kumtambua si rahisi kabla hajakua. Akikomaa, dume hujazisha shingo, hunguruma na kumzunguka jike. Ukiona mayai manne katika kiota kimoja, na hayaanguliwi, huenda hao ni majike wawili.

CHAKULA NA MAJI

Wape mtama, uwele, au mahindi yaliyopasuliwa. Ongeza kunde au choroko kidogo, hasa wakati wa kulea makinda. Kiganja kimoja asubuhi na kiganja kimoja jioni vinatosha jozi moja.

Njiwa hana meno. Husaga chakula kwa vijiwe katika firigisi. Mwekee changarawe ndogo, maganda ya mayai yaliyopondwa na chumvi kidogo sana.

Kuku hunywa kwa kuinua kichwa. Njiwa huzamisha mdomo na kufyonza. Kwa hiyo chombo cha maji kiwe na kina cha kutosha kuzamisha mdomo. Badilisha maji kila siku.

USAFI NA MAGONJWA

Safisha vyumba kila wiki. Chumba chenye mayai au makinda wadogo usikisumbue. Ngoja makinda watoke, kisha kikwangue, choma nyasi zake, na mwaga majivu makavu kwenye nyufa. Majivu hupunguza utitiri.

Wakati wa kusafisha, nyunyiza maji kidogo ili vumbi lisiruke. Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la kinyesi cha njiwa huweza kumletea mtu ugonjwa wa kifua. Kwa sababu hiyo usiwafuge jikoni wala juu ya mitungi ya maji. Kinyesi kirundike kioze, halafu kipeleke kwenye bustani ya mboga. Ni mbolea kali na nzuri.

Mwite bwana mifugo ukiona dalili hizi:
- Vipele kuzunguka mdomo na macho. Huenda ni ndui.
- Utando wa njano ndani ya mdomo, kama maziwa mgando. Ugonjwa huu huenea kwa maji machafu.
- Shingo kupinda, au njiwa kushindwa kudonoa. Huenda ni mdondo au ugonjwa unaofanana nao.

Kuku na njiwa huweza kuambukizana mdondo. Watenganishie vyombo vya chakula na maji. Chanja kuku wako kwa wakati.

MKUMBUKE JIRANI

Njiwa hajui mpaka wa shamba. Wakati wa kupanda hula mbegu iliyoachwa wazi. Wakati wa kuanika nafaka hushuka kwenye mikeka ya watu. Walishe nyumbani asubuhi kabla ya kuwafungulia. Katika wiki za kupanda, wafungie. Kama una jozi nyingi kuliko unavyoweza kulisha, kula makinda au uza. Njiwa wenye njaa ndio wanaoleta ugomvi wa kweli kijijini.

MWISHO WA HABARI YETU

Sasa turudi kwa mkulima wetu. Baada ya siku tisa alikwenda ukweni. Alichosema huko mimi sikijui. Alirudi na mkewe na mtoto.

Tulijenga nyumba mpya pamoja, kama nilivyokueleza hapa. Siku ya kuisimamisha, mama yule ndiye aliyeshika ngazi. Aliniambia, "Bwana Mifugo, mimi nimebeba lawama ya panya." Sikuwa na neno la kujibu. Nilimwomba radhi.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo mawili. Kama sijui, ninasema sijui, kisha ninakwenda kuuliza. Na mifugo ikipungua, ninatazama kwanza banda, chakula, maji na wadudu, kabla ya kumtazama mtu.

Leo nyumba ile ina jozi nne. Mume na mke bado hugombana siku moja moja, kama watu wengine wote. Njiwa wapo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini jozi moja ya njiwa inahitaji vyumba viwili?
2. Debe linatumika kwa kazi gani katika nyumba ya njiwa?
3. Jozi 6 zikilea makinda 8 kila moja kwa mwaka, jumla ni makinda wangapi?
4. Je, katika kijiji chenu kuna mtu aliyewahi kulaumiwa kwa sababu mifugo ilihama au ilikufa? Mlitazama banda?